Siku Saba za Kuhani



Katika Walawi mlango wa 13 twaona kuhani akimtazama mtu mwenye alama mwilini. Hamfukuzi upesi, wala hampuuzi. Humtenga siku saba, kisha humtazama tena. Mungu aliwaagiza watu wake wachunguze kabla ya kuhukumu.

Sisi wa Suam twalikumbuka neno hilo kwa ajili ya mwaka 2017. Mwezi Oktoba ulitangazwa ugonjwa wa Marburg ng'ambo ya mpaka, wilaya ya Kween, Uganda. Watu watatu wa jamaa moja walikufa. Wa kwanza alikuwa mwindaji karibu na pango lenye popo. Waganga wa serikali walifuatilia hata huku Trans Nzoia na Pokot Magharibi, wakiuliza: Nani alimwuguza? Nani aliigusa maiti? Waliotajwa walitazamwa siku 21, kwa maana homa hiyo yaweza kujificha muda huo. Mwezi Desemba ikatangazwa kuwa imekwisha.

Ndugu, kutajwa si kushtakiwa. Mficha maradhi, kifo humwumbua, tena huwafikia na majirani. Basi tukiulizwa, tuseme kweli. Na aliyetengwa tumpelekee unga na maji mlangoni, tusimpe jina baya.

Bwana Yesu alipomtakasa mwenye ukoma, alimtuma aende akajionyeshe kwa kuhani. Ikiwa aliyeponywa na Bwana mwenyewe aliagizwa kuchunguzwa, sisi tutakataaje?

Mungu awabariki. Amina.