Tujipime Kabla ya Kupimwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mara nyingi twasikia karani akisema, "Nimetumika miaka 15, kile kiti cha juu kinanistahili." Pengine ni kweli. Lakini miaka ya kazi yaonyesha kwamba mtu amevumilia. Haionyeshi kwamba aweza kuongoza.

Tumkumbuke Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, Unguja, kisha akawa karani wa serikali huko Tanga. Mwaka 1922 alianzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali ya Tanganyika, Waislamu kwa Wakristo. Kazi yake ya ukarani haikumlazimisha kufanya hivyo. Mwaka 1931 alifika London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, iliyochunguza shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Wito ule ulimkuta amekwisha kuzoea kufikiri mambo ya watu wengi, wala si ya meza yake tu.

Basi nasi tujiulize maswali manne.

Kwanza, je, twaijua sababu ya kazi yetu? Karani wa ghala ahesabuye magunia kila mwezi afanya vema. Lakini yule aulizaye kwa nini magunia hupungua kila masika, na mwakani kifanyike nini, ndiye aliyeanza kutazama mbali.

Pili, je, twaweza kuiacha kazi tuliyoizoea? Mwandishi hodari wa barua akipewa cheo huendelea kusahihisha nukta za wenzake, na mashauri makubwa yakalala mezani.

Tatu, tukienda likizo, kazi huendelea ama husimama? Ikisimama, tusijivune, ni alama kwamba hatukumfundisha mtu.

Nne, je, yuko mdogo wetu kazini awezaye kutuambia kwamba tumekosea, asiogope? Jibu hili tusilitoe sisi. Tumwulize yeye, maana kila mtu hujiona mrefu kwa kivuli chake cha jioni.

Hatusemi haya ili mtu akate tamaa. Wako wazee wetu waliostahili wakanyimwa kwa sababu ya rangi yao, na hiyo ilikuwa dhuluma. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, milango ilifunguka kwa haraka, na wengi waliingia bila nafasi ya kujitayarisha. Sisi tunayo nafasi hiyo. Akosaye cheo huumia yeye na nyumba yake. Apewaye kabla hajawa tayari huumiza wilaya nzima.

Kwa hiyo twaomba kila mwanachama ayaandike majibu yake manne, ampe mwenzake amwaminiye ayasome, kisha akubali kuambiwa.