Kukubali Kusaidia: “Would” ya Kiingereza na “-nge-” ya Kiswahili



Mwingereza akiombwa na jirani yake amsaidie kubeba mzigo, huenda akajibu, “I'd be happy to.” Jirani hangoji neno jingine, kwa kuwa ombi limekwisha kukubaliwa. Jibu hilo likifasiriwa neno kwa neno, huwa “Ningefurahi kukusaidia.” Msikilizaji wa Kiswahili hashukuru, husubiri “lakini”. Kwake yeye, huko ni kukataa kwa adabu. Hivyo tafsiri isiyo na kosa la sarufi imegeuza “ndiyo” kuwa “siyo”.

Chanzo chake ni sharti. Katika “Ningekuwa na nafasi ningekusaidia”, msikilizaji huelewa kwamba nafasi haipo. Neno “would” nalo huweza kubeba maana hiyo, ila katika mazungumzo ya kila siku limepata kazi ya pili, yaani kulainisha kauli. Sharti linalofichwa humo ni “ukipenda”, na aliyeomba amekwisha kupenda. Hata hivyo, “I'd love to” mara nyingi hufuatwa na “but”, na Mwingereza huitambua dalili hiyo kwa kiimbo kabla ya neno lenyewe kutamkwa.

Jambo la pili ni furaha. J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na kuchapishwa mwaka 1962, alieleza kuwa kusema ni kutenda: anayeahidi hatoi habari, bali hujifunga. “I'll be glad to help” kwa umbo ni habari ya moyo. Kwa kazi ni ahadi. “My pleasure”, baada ya shukrani, humwondolea aliyesaidiwa deni, kana kwamba aliyefaidika ni msaidizi. Kiswahili hufikia lengo hilo kwa njia nyingine. Kabla ya tendo husemwa “haya”, “bila shaka” au “ewallah”. Baada yake, “si kitu”, “starehe” au “karibu”. Maneno hayo hayaitangazi furaha ya mtoaji. “Si kitu” hupunguza uzito wa tendo, na “karibu” humwachia mlango wazi aliyesaidiwa.

Hata hivyo, lugha hizi mbili hukutana katika utashi. Kitenzi “will” cha Kiingereza cha kale kilikuwa na maana ya kutaka. Kiambishi “-ta-” nacho kimetokana na “taka”, na umbo lake kamili lingali hai katika “atakayekuja”. Kwa hiyo “Nitakusaidia” ina chimbuko lake katika kutaka, na “Nitafurahi kukusaidia” ndiyo tafsiri inayolinda ahadi ya Mwingereza.

Tofauti kati ya “nita-” na “ninge-” ni ya silabi moja tu. Lakini mgonjwa aliyeomba msaada na kujibiwa “ningefurahi” huweza kuinuka akaenda zake, ilhali daktari aliyekubali angali anamngoja. Mfasiri ndiye mwenye dhamana ya silabi hiyo.