Nyaya Nne za Ripita: Maelezo kwa Kamati za Maafa za Kata



Nimeombwa nieleze kifaa ambacho wengi wenu hukitumia bila kukiona: ripita, mtambo unaowekwa mlimani ili redio ya mkononi isikike mbali. Wasukuma tunaujua mwano. Aliyevamiwa hupiga yowe, jirani hulisikia naye akalipaza, hadi likafika kijiji cha tatu. Sungusungu wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliitana hivyo. Ripita ni jirani huyo, akiwa amesimama mahali pa juu.

Kwetu jambo hili si la anasa. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017, Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 waliofukiwa mgodini walituma ujumbe wa maandishi kupitia bomba, wakatolewa hai. Niseme wazi: mawimbi ya ripita hayapenyi mwamba hadi shimoni. Yanawasaidia walioko juu, yaani mwenye pampu, mwenye magogo, zahanati na polisi, kusikilizana wote kwa pamoja wakati simu zimeelemewa kwa kuwa kila mtu anapiga.

Ndani ya kibanda cha mlimani mna redio mbili, moja ya kupokea na nyingine ya kurusha, kila moja kwa masafa yake. Kati yake kuna kidhibiti, kisanduku kinachoamua lini ya pili iseme yaliyosikiwa na ya kwanza. Mambo yote hupitia nyaya nne. Wa kwanza huleta sauti kutoka redio ya kupokea. Fundi mzuri huuchukua kabla ya kitufe cha kuongezea sauti, ili atakayekigusa asiharibu kipimo. Wa pili hutoa taarifa kwamba kuna mtu hewani. Wa tatu huiamuru redio ya kurusha iwake, kama kidole kinavyobonyeza kitufe. Wa nne hupeleka sauti huko. Juu ya hizo upo waya wa ardhi wa pamoja, ambao ukilegea huleta mvumo.

Waya wa pili ndio msumbufu kuliko wote. Redio nyingine hupandisha umeme zinaposikia mawimbi, nyingine huushusha. Kidhibiti kikipangwa kinyume, ripita hurusha ukimya mchana kutwa, kisha hunyamaza pale mtu anapoomba msaada.

Kwa nini mwananchi ajue haya? Kwa sababu taarifa ya “ripita imekufa” haimsaidii fundi anayejiandaa kupanda mlima. Bonyeza kitufe, sema jina la kata yako, achia, kisha sikiliza. Ripita nzima huendelea kurusha kitambo kifupi baada yako. Mafundi huita mkia. Usiposikia mkia ilhali wenzako nao hawausikii, shaka iko kwenye betri, antena au nyaya za pili na tatu. Ukisikia mkia lakini wenzako hawasikii maneno yako, yaelekea njia ya sauti imekatika. Maneno yakifika yakiwa yamekwaruzika kwa watu wote, huenda sauti imepandishwa kupita kiasi. Taarifa ya namna hiyo yaweza kuokoa safari nzima.

Kidhibiti pia kina saa. Mtu akishikilia kitufe kupita muda uliowekwa, tuseme dakika tatu, hukatwa ili wengine wapate nafasi. Wapo wanaolalamika kwamba wanadharauliwa. Hapana, wamekatwa na saa, na kwa maoni yangu ni haki. Aidha, ukibonyeza, subiri kama sekunde moja kabla ya kusema, maana mtambo unahitaji kitambo kuamka. Wengi hupoteza neno la kwanza, na mara nyingi neno hilo ndilo jina la mahali.

Masafa hutumika kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa hiyo redio iliyonunuliwa mnadani isiingizwe kwenye mtambo kienyeji. Radi za ukanda wetu zinajulikana. Anayeona waya wa ardhi wa mnara umekatwa kwa ajili ya shaba amweleze mtendaji siku hiyohiyo.

Redio mbili ziko hapa mezani. Kila kata itoe mtu mmoja, aende hadi barabarani, abonyeze, aachie, na asikilize mkia.