Ahadi Tuliyoitoa Kabla ya Kujua Kusoma



Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar ikalegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha mwaka 1967. Tangu Azimio, kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili wala kupangisha nyumba. Baada ya Zanzibar akaruhusiwa. Tarehe 1 Julai 1992 mfumo wa vyama vingi ukaanza kisheria, siasa za chama zikatakiwa zitoke shuleni, na ahadi za mwanachama, ambazo katika shule nyingi watoto walikuwa wakizitamka mstarini asubuhi, zikanyamaza. Mfuatano huo ndio mada yangu ya leo. Wakubwa walifunguliwa kwanza. Watoto, ambao hakuna aliyewauliza walipofungwa, hawakuulizwa pia walipofunguliwa.

Vijana mlioko ukumbini hamkuzisema ahadi hizo, kwa hiyo nizieleze. Zilianza na TANU, na CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 ilizirithi. Za CCM zilikuwa tisa. Mtoto aliahidi kuwaona binadamu wote kuwa ndugu zake na Afrika kuwa moja. Kuitumikia nchi na watu wake. Kujitoa kupambana na umaskini, ujinga, maradhi na uonevu. Kukataa rushwa, kuitoa na kuipokea. Kutojinufaisha kwa cheo chake wala cha mwenzake. Kujisomea kadiri awezavyo na elimu hiyo kuwafaa wote. Kushirikiana na wenzake kuijenga nchi. Kusema ukweli na kuepuka fitina. Hizo ni nane. Ya tisa ilikuwa ya kuwa mwanachama mwaminifu wa chama na raia mwema wa Tanzania na Afrika.

Mimi nilizisema Nkome. Kwa wasiopajua, Nkome ni kata ya Wilaya ya Geita iliyo ufukweni mwa Ziwa Viktoria, mahali ambapo leo wageni hupanda boti kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo. Enzi zetu hakuna mgeni aliyekuja kwa ajili ya Rubondo. Waliokuja walifuata samaki. Mwaloni palikuwa na Wazinza wenyeji, Wasukuma waliotoka na ng'ombe wao upande wa Shinyanga na Mwanza, Wajita na Wakerewe waliovuka maji, Wahaya na Waha. Usiku wa giza ungeona taa za karabai za wavuvi wa dagaa zimetanda ziwani. Watoto wa watu hao wote walisimama mstari mmoja.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba ifikapo mwishoni mwa 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe ameandikishwa shule. Madarasa yalijaa. Darasani kwetu mtoto wa miaka saba aliketi na mwingine aliyekwisha kuota ndevu za kwanza. Wengi tuliingia bila Kiswahili cha kutosha hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Lakini asubuhi, baada ya mchakamchaka, baada ya kufagia na kukaguliwa kucha, mwalimu wa zamu aliposimama mbele na kiranja mkuu akatoa amri ya mguu sawa, tuliimba Wimbo wa Taifa kisha tukazitamka ahadi kwa sauti moja kubwa iliyofika mwaloni. Aliyezikosea alichapwa. Silisemi hili kwa uchungu uliobaki; nalisema kwa sababu hoja yangu haitakuwa ya kweli nikilificha. Uzalendo wetu ulifundishwa fimbo ikiwa karibu.

Je, tulielewa? Swali hili nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi wangu wa uzamili, ambao wana haraka ya kuliita jambo zima ukasuku. Jibu langu ni kwamba tulielewa kwa kupima, na tulipima kwa watu waliokuwa karibu nasi. Rais alikuwa picha ukutani. Cheo tulichokijua ni cha kiranja. Mwalimu akitoka, kiranja aliandika orodha ya wapiga kelele, na ukimpa karanga au kipande cha muwa jina lako halikuandikwa. Siku moja msichana wa darasa letu, mtoto wa mvuvi, alisimama akamwambia kiranja mbele yetu sote kwamba asubuhi ileile alikuwa ameahidi kutojinufaisha kwa cheo na kutopokea rushwa. Hakutumia maneno yake mwenyewe. Alimrudishia kiranja maneno aliyoyatamka mwenyewe mstarini. Kiranja hakuwa na jibu, kwa sababu sote tulikuwa mashahidi wa kiapo chake.

Miaka yangu yote ya kusoma nadharia za uraia haijanipa maelezo bora ya kazi ya ahadi ya hadharani. Maneno yakishatamkwa na wote mbele ya wote, yanafanya kazi ya mizani ya mwaloni: muuzaji na mnunuzi wanaitazama pamoja, na akipunja mmoja, mwingine anaona.

Historia ya nchi yetu ina mfano mkubwa zaidi wa jambo hilohilo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye majivuno, ubabe na dharau kwa watu walio chini yao. Wafanyakazi wa viwanda Dar es Salaam waliusoma, wakaushika. Kuanzia mwaka huo hadi 1973 waligoma, wakawafungia nje mameneja, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakafika hatua ya kukishika kiwanda chenyewe. Hoja yao haikutoka Moscow wala Peking. Ilitoka katika waraka wa chama kilichokuwa madarakani. Serikali ilipoona maneno yake yanarudi kwa namna ile, iliwazima. Walioandika maneno yale walikuwa wamekusudia yashuke kutoka juu kwenda chini, na hawakuwa tayari yalipoanza kupanda.

Sasa niseme upande wa pili, maana sikuja kuutukuza utoto wangu. Ahadi ya tisa ilikuwa kosa. Mtoto wa miaka minane aliahidi kuwa mwanachama mwaminifu wa chama ambacho kwa katiba yake hakikuweza kumpokea mpaka afike miaka kumi na minane. Akabebeshwa uaminifu kabla ya kupewa kura. Tena baada ya ahadi tuliitikia kwamba fikra za Mwenyekiti zidumu, na hapo mizani iligeuka, kwa sababu huwezi kumpima mtu ambaye umekwisha kuapa kwamba fikra zake ni sahihi. Mwenyekiti huyo, Mwalimu Nyerere, ambaye namheshimu kuliko kiongozi yeyote wa karne yake, hakuhitaji sauti za watoto kwa jambo hilo, na naamini lilimpunguzia heshima.

Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi. Kiapo chao cha utii, kilichosemwa shuleni kwa miaka mingi, kilimtaja Rais kwanza, kabla ya taifa. Na wakati wa Rais Moi falsafa yake ya Nyayo ikaingizwa ndani. Weka viapo hivi viwili kando kwa kando. Ukiondoa ya tisa, ahadi zetu zilimfunga mtoto kwa mwenendo: sema kweli, usile rushwa, soma. Kiapo cha Kenya kilimfunga mtoto kwa mtu. Mtoto wa Nakuru hakupewa sentensi hata moja ya kumwambia kiranja anayekula karanga. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko wanavyoiona wanaoviweka viapo vyote vya shuleni katika kapu moja.

Wamarekani ndio wenye historia ndefu katika jambo hili. Kiapo chao cha bendera kilitungwa mwaka 1892 na mchungaji Mbaptisti, Francis Bellamy, kikachapishwa katika jarida la vijana wakati wa kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike huko. Mwaka 1940 Mahakama yao ya Juu ilikubali kwamba mtoto aweza kulazimishwa kuisalimu bendera. Mwaka 1943, katikati ya vita kuu, mahakama hiyohiyo ilijigeuza na kusema hapana, katika kesi ya West Virginia iliyohusu watoto wa Mashahidi wa Yehova. Miaka sabini baadaye, mwaka 2013, Mahakama yetu ya Rufani iliwapa haki wanafunzi wa imani hiyohiyo waliokuwa wamefukuzwa shule kwa kutoimba Wimbo wa Taifa. Hukumu hiyo haikupewa nafasi iliyostahili katika vyuo vyetu vya ualimu. Nimekutana na walimu wakuu ambao hawajaisikia, na wanaendelea kumwona mtoto aliyenyamaza kuwa mtoto mkaidi.

Nami nilisoma na kijana wa namna hiyo. Alisimama mguu sawa, mikono ubavuni, midomo imefungwa. Alichapwa karibu kila wiki. Wakati ule tulimwona msaliti. Leo nikizipitia zile ahadi moja moja, naona kwamba yeye ndiye aliyeitimiza vizuri kuliko sisi ile ya kusema kweli, kwa kuwa hakukubali kutamka asichokiamini.

Basi mwaka 1992 tulikuwa na kazi nyepesi ya kufanya: kuitoa ya tisa, kuitoa fimbo, na kuzibakiza nane, ambazo ni za raia yeyote wa chama chochote au asiye na chama. Hatukufanya hivyo. Ziliondoka zote pamoja, kimya kimya, bila mjadala bungeni wala magazetini unaolingana na uzito wake. Ndiyo maana nilianza na Zanzibar. Mtoto hajifunzi ahadi kwa kuitamka. Anajifunza kwa kuona mtu mzima akifungwa nayo hata pale inapomgharimu. Wakubwa walipojiondolea masharti mwaka 1991, ahadi ya watoto ilikuwa imekwisha kufa, na kilichobaki mwaka 1992 ni mazishi tu. Baadaye zilitungwa ahadi nyingine za wakubwa: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, na mwaka 2015 mawaziri walitia saini hati za ahadi ya uadilifu. Lakini ahadi hizo zinakaa katika faili. Mtoto wa Nkome hajawahi kuzisikia zikitamkwa.

Na mtoto wa Nkome wa leo anaishi mahali ambapo mambo ya kupimwa yameongezeka. Sangara amegeuza mwalo kuwa soko lenye macho hadi Ulaya. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000. Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Kuuzunguka mgodi huo kuna wachimbaji wadogo, maduara ya kuchimbia, makrasha ya kusagia mawe na zebaki inayochanganywa kwa mikono mitupu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za watoto, wengine wa miaka minane, waliokuwa wakifanya kazi katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Miaka minane: umri uleule ambao sisi tulikuwa tukiahidi kuutokomeza umaskini. Kumsimamisha mtoto huyo mstarini na kumwambia aiahidi nchi yake utumishi, wakati nchi haijamwahidi hata kumtoa shimoni, ni kumdai mtu ambaye ndiye anayetudai.

Tangu Januari 2024 shule zetu zina somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili. Walimu wengi wameniuliza kama turudishe na ahadi. Nasema turudishe, lakini aanze mtu mzima.

Nina maana mahususi. Halmashauri zetu hupokea ushuru wa huduma unaotozwa kwa mauzo ya kampuni, na tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2017, mpango wa mgodi wa kuhudumia jamii hauna budi kupitia kwenye halmashauri. Mkutano mkuu wa kijiji nao hutakiwa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Watoto hawamo katika mkutano huo, ingawa madarasa, madawati na vyoo vinavyosomwa pale ni vyao. Napendekeza kwamba asubuhi inayofuata mkutano, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji waende shuleni, wasimame mbele ya mstari, watamke wao kwanza, kwa sauti, kwamba hawatajinufaisha kwa vyeo vyao na hawatapokea rushwa, kisha wasome hesabu ileile waliyowasomea wazazi, kwa Kiswahili cha mtoto wa darasa la tano. Wanafunzi wa darasa la sita na la saba waruhusiwe kuuliza, na walimu wasiwapangie maswali. Miezi mitatu baadaye warudi, na swali la kwanza liwe la yule aliyeuliza mara ya mwisho.

Ndipo watoto watamke zao nane, wanaotaka. Asiyetaka asimame kwa adabu na asiguswe. Rasimu ya utaratibu huu, kwa kurasa mbili, iko mlangoni. Walimu wa Nkome mlioko hapa chukueni nakala za kutosha, na mnapoona mahali ambapo hapatekelezeki, niandikieni.