SIFURI YA KIDATO CHA NNE NI YA NANI?

(Mazungumzo ya mwalimu mstaafu wa sekondari na vijana wa kijiwe kimoja cha Manzese, Dar es Salaam)

Ndugu zangu vijana, ahsanteni kwa kunipisha kwenye benchi lenu. Sikuja kuwaambia "someni kwa bidii". Hayo mmeambiwa mpaka masikio yameota sugu. Nimekuja kuzungumzia karatasi moja tu: cheti cha kidato cha nne.

Ukiomba uaskari, unaulizwa cheti. Ukiomba chuo cha ualimu, cheti. Na ili ukipate, sharti mtihani wa taifa ukupe angalau D mbili au C moja. Ukikosa, miaka minne ya nauli za daladala na jasho la mama yako inaandikwa kwa tarakimu moja: sifuri. Mtaani nako unabatizwa jina, "Ziro". Wapo hapa wanaoitwa hivyo.

Sasa nauliza: sifuri hiyo ni ya nani?

Tukumbushane mtihani wa 2012. Matokeo yalitangazwa Februari 2013, watahiniwa 240,903 wakapata sifuri. Nchi ikatikisika. Wakubwa kwa wadogo wakasema vijana ni wavivu, vijana ni simu na muziki. Waziri Mkuu akaunda tume. Mei 2013 Serikali yenyewe ikasimama Bungeni na kutamka kwamba matokeo yale yafutwe, yapangwe upya, kwa kuwa Baraza la Mitihani lilitumia utaratibu mpya wa kupanga alama ambao shule hazikuandaliwa.

Yakapangwa upya. Sifuri zikashuka hadi 210,846. Hesabuni wenyewe: kama 30,000 walitoka shimoni. Je, walisoma ukurasa mmoja zaidi? Walishika kalamu tena? Hapana! Majibu yalikuwa yale yale. Kilichohama ni mstari, na mstari huo ulihamishwa ofisini.

Wala hawakuishia hapo. Matokeo ya mtihani wa 2014 yakatolewa kwa GPA. Januari 2016 ikaamriwa turudi kwenye madaraja ya zamani, kuanzia daraja la kwanza hadi sifuri. Mzazi wa Tandale aelewe lipi? Mwajiri aelewe lipi?

Kuna la pili. Kuanzia 2004 zilijengwa sekondari za kata nchi nzima. Kujenga si kosa, watoto wa walalahoi walipata mahali pa kukaa. Lakini nyingi zilifunguliwa bila maabara, bila vitabu, bila walimu wa hesabu. Mkaziita "yeboyebo", na walimu waliopikwa kwa wiki chache mkawaita "vodafasta". Mlicheka, lakini lilikuwa jambo la kulia. Mtoto wa yeboyebo na mtoto wa shule yenye maabara wanapewa karatasi ile ile, saa ile ile. Mmoja amewahi kuishika mikroskopu. Mwingine ameiona imechorwa ubaoni.

La tatu ni lugha. Nilikuwa na kijana darasani, alinieleza kwa Kiswahili safi jinsi moyo unavyosukuma damu, mpaka nikatamani aketi yeye kwenye kiti changu. Kwenye mtihani wa majaribio nikaikuta karatasi yake: ameliandika tena swali lenyewe, neno kwa neno, kwa Kiingereza. Basi. Nilimpa sifuri kwa mkono wangu huu, na mpaka leo inaniuma. Sifuri ile ilikuwa ya baiolojia au ya Kiingereza? Sera ya Elimu ya 2014 iliruhusu Kiswahili kufundishia, lakini karatasi ya baiolojia imeendelea kuja kwa Kiingereza.

Yupo atakayesema: "Mwalimu, basi mitihani ifutwe." Hapana, ndugu yangu! Siku mtihani wa taifa ukifutwa, cheti kitatolewa kwa simu ya kigogo. Karatasi ya mtihani ina namba, haina jina la baba. Hiyo ndiyo kinga ya mtoto wa mama ntilie. Ninachokataa ni siku chache za Novemba kubeba sehemu kubwa ya hukumu ya miaka minne.

Nchi hii ililijua hilo zamani. Azimio la Musoma la 1974 lilikataa mtihani mmoja kuwa hakimu pekee, na kuanzia 1976 kazi za darasani zikahesabiwa nusu ya alama. Basi tudai mambo matatu. Kazi za darasani zirudishiwe uzito wake, na zikaguliwe zisipikwe. Mtahiniwa aulizwe kwa lugha anayoielewa. Na kanuni ya kupanga alama ijulikane siku mtoto anapoingia kidato cha kwanza, isigeuzwe akiwa ameshafika mlangoni.

Nawe uliyepata sifuri, nisikilize. Mlango wa mtahiniwa wa kujitegemea upo, rudi ukagonge. Lakini usiende umeinamisha kichwa. Sifuri ile mligawana: wewe, shule isiyo na mwalimu, na ofisi iliyochora mstari. Ajabu ni kwamba cheti kilinyimwa mmoja tu.