Mwari Ana Nyumba Mbili
(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima)

Natumaini mmekwisha keti, na madaftari yako mezani.

Leo sitawafundisha herufi mpya. Nataka kuwaeleza safari zangu tatu za kwenda kutazama ndege wa maziwa, huko Kenya, katika Bonde la Ufa. Labda utauliza: Je, kutazama ndege ni kazi ya mtu mzima? Hata mimi niliuliza hivyo. Ndege niliowajua walikuwa wawili tu: kuku wangu, na yule anayekula mtama wangu.

Safari ya kwanza nilikwenda Ziwa Nakuru. Tangu utoto nilisikia kwamba ukingo wa ziwa lile ni mwekundu kwa wingi wa heroe, yaani wale ndege wenye miguu mirefu ambao wengi huwaita flamingo. Nilichukua darubini ya kuazima, daftari na kalamu ya risasi. Nilipofika sikuona wekundu wo wote. Niliona barabara ya zamani imeingia majini, na migunga iliyokufa imesimama ndani ya ziwa. Heroe walikuwa wachache, mbali.

Nikasema moyoni, "Kumbe wamekwisha!" Askari wa hifadhi akacheka, akaniambia, "Hawakwisha, bwana. Wamehama." Akanieleza hivi. Heroe mdogo hula vijimea vya kijani vilivyo vidogo mno, vinavyositawi katika maji ya magadi. Tangu miaka ya 2010 maji ya ziwa yamepanda sana, na magadi yamepungua nguvu, kama chumvi inavyopungua nguvu ukiongeza maji katika mchuzi. Chakula kikipungua, heroe huenda kwingine, kama vile Ziwa Bogoria. Na wakitaka kuzaa, wengi wao huenda Ziwa Natron, Tanzania.

Jioni nilifungua daftari langu. Unajua nilikuwa nimeandika nini? "Ndege weupe, wengi." Basi. Ndege gani? Wengi kiasi gani? Siku gani? Mahali gani? Hata mimi mwenyewe sikuweza kujibu. Nilikuwa najua kuandika, lakini sikuandika kitu.

Kwa hiyo nilijifunza maswali manne, nami nakupa wewe pia. La kwanza: Ndege huyu ni mkubwa kama nani? Kama njiwa, kama kuku, au kama bata mzinga? La pili: Mdomo wake u namna gani? La tatu: Miguu yake ni mirefu au mifupi, na ya rangi gani? La nne: Anafanya kazi gani? Ukiuliza hivyo, wale "ndege weupe" watagawanyika mbele ya macho yako. Huyu mwembamba mwenye mdomo kama mkuki, anayesimama kimya akingoja samaki, ni yangeyange. Huyu mwenye kichwa cheusi na mdomo uliopinda kama mundu, anayechokora matope, ni kwarara. Na huyu mkubwa kupita wote, mwenye mfuko chini ya mdomo, ni mwari. Mmoja huitwa mwari, wengi huitwa wari.

Safari ya pili nilikwenda Ziwa Elmenteita. Liko kando ya barabara kuu, yapata kilomita 30 kutoka mji wa Nakuru ukielekea Nairobi. Huko nilimkuta mzee mmoja akichunga mbuzi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, kisha akatazama darubini yangu na kuniuliza ninatafuta nini. Nikamwambia natafuta wari.

Akasema, "Basi umewahi mno. Ngoja jua likolee."

Tulikaa chini ya mti. Ilipokaribia saa nne, wari wakaanza kuruka. Hawakupiga mbawa sana. Walizunguka, wakazunguka, wakipanda juu kama moshi, kisha wakanyosha safari kuelekea Nakuru. Mzee akanieleza: "Ardhi ikipata moto, hewa hupanda, nao hupanda nayo. Mwari ni mzito, hapendi kujichosha. Wanakwenda kula. Jioni watarudi."

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Elmenteita ina visiwa vidogo vya mawe. Wari hutaga huko, kwa kuwa fisi na mbweha hawafiki. Lakini kwa miaka mingi Elmenteita haikuwa na samaki wa kuwashibisha. Samaki walikuwa Nakuru. Na samaki wale wa Nakuru waliletwa na watu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 samaki wadogo wa Ziwa Magadi walitiwa Ziwa Nakuru, ili wale viluwiluwi vya mbu. Watu walikuwa wakifikiria mbu tu. Samaki wakaongezeka, na wari wakaja kuvua.

Basi mwari ana nyumba mbili. Nakuru ni jiko lake, Elmenteita ni kitanda chake. Ukiharibu jiko, watoto watakufa njaa kitandani. Na maji yakipungua hata kisiwa kikaungana na nchi kavu, fisi atafika kitandani, hata kama jikoni kumejaa chakula.

Nilimwuliza mzee, "Umejuaje mambo haya?" Akasema amewatazama tangu ujana wake. Alijua miaka waliyotaga na miaka waliyokataa. Nikamwuliza kama ameandika. Akanitazama, akasema polepole, "Mimi kuandika ndiyo kwanza ninajifunza, darasani, na wajukuu wananicheka. Haya yote yamo kichwani. Nikifa, yatazikwa pamoja nami."

Ndugu wanafunzi, maneno yale yalinichoma. Mimi nilikuwa na kalamu, bila ya maarifa. Yeye alikuwa na maarifa, bila ya kalamu. Nikampa kurasa kumi za daftari langu na kipande cha kalamu ya risasi, nikamwomba aandike mambo manne tu kila anapowaona: tarehe, mahali, ndege, idadi.

Safari ya tatu ilikuwa mwezi wa Januari. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 ndege wa majini huhesabiwa katika maziwa ya Bonde la Ufa la Kenya, na watu wa kujitolea husaidia. Hugawanyika makundi, kila kundi na sehemu yake ya ukingo. Mmoja hutazama kwa darubini, mmoja hutaja, mmoja huandika. Mimi, kwa kuwa ni mgeni, nilipewa kuandika.

Kundi kubwa huhesabiwaje? Hesabu ndege kumi kwanza. Tazama kumi hao wamechukua nafasi gani. Kisha pima kwa macho: nafasi kama hiyo iko mara ngapi? Kumi mara kumi ni mia. Hesabu hizo hizo unazojifunza darasani ndizo zinazofanya kazi ziwani.

Nilikosa mara moja. Wari walioruka kutoka sehemu ya jirani walitua kwetu, nami nikawaandika, ingawa jirani alikuwa amekwisha waandika. Kiongozi wetu akauliza, "Hawa wametoka upande gani?" Niliona haya, kwa maana ukurasa wangu ulikuwa umependeza kwa tarakimu kubwa. Nikawakata. Hesabu ndogo ya kweli inafaa kuliko hesabu kubwa ya uongo.

Kwa nini tarakimu hizo zina maana? Mwaka 1971, katika mji wa Ramsar, nchi ya Iran, mataifa yalipatana kutunza maeneo yenye maji. Moja ya vipimo vyake ni hiki: eneo ambalo kwa kawaida lina ndege wa majini 20,000 au zaidi lahesabiwa kuwa na maana kwa dunia nzima. Kenya iliingia katika mapatano hayo mwaka 1990, na Ziwa Nakuru likawa la kwanza kwake kuandikwa. Elmenteita iliandikwa mwaka 2005. Basi waona: hakuna anayeweza kusema "20,000" pasipo mtu wa kuhesabu, na mtu wa kuandika.

Tena liko jambo lingine. Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka. Maji huingia, wala hayatoki ila kwa kukaushwa na jua. Mji umejengwa juu ya ziwa, na mvua ikinyesha, taka za mitaroni huteremka. Kila kinachoingia hubaki. Mtu anayetupa takataka mtaroni hajui kwamba anazitupa katika jiko la mwari. Sasa wewe umekwisha jua.

Jioni ya siku ile nilipitia Elmenteita kwa yule mzee. Akaingia ndani, akatoka na zile kurasa. Herufi zilikuwa kubwa na zimeinama, kama mbuzi wanaopanda kilima. Ukurasa mmoja ulikuwa na tarehe, na chini yake: "Elmenteita. Mwari 40. Wanakwenda Nakuru saa nne." Chini yake tena ameongeza neno ambalo sikumwagiza: "Wamerudi 38."

Sikujua wale wawili walipatwa na nini. Mzee naye hakujua. Lakini alikuwa amewahesabu kurudi, kama achungaye mbuzi anavyohesabu jioni mlangoni mwa zizi. Na kwa kuwa aliandika, mtu mwingine sasa aweza kuuliza.

Karibu na kwako pana ziwa, au bwawa, au jaruba la mpunga. Nenda mara moja kwa juma, wakati ule ule. Usiguse viota. Usisimame kati ya kiboko na maji. Andika tarehe, mahali, ndege, idadi. Kama hujui jina la ndege, andika jinsi alivyo; jina litakuja baadaye. Na ukimkuta mzee anayejua, mkalishe, umsikilize, kalamu mkononi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUKUMBUKA
Darubini: chombo cha kutazamia mbali.
Magadi: chumvi chungu inayopatikana katika maziwa fulani.
Mtaro: njia ya kupitisha maji.
Viluwiluwi: watoto wa mbu wakiwa bado majini.

MASWALI
1. Kwa nini heroe walipungua Ziwa Nakuru?
2. Kwa nini wari hungoja jua likolee kabla ya kuruka?
3. Ziwa gani ni jiko la mwari, na lipi ni kitanda? Eleza sababu.
4. Andika mstari mmoja wenye tarehe, mahali, ndege na idadi, juu ya ndege uliowaona leo.