Daftari la Mgonjwa Lililoanzia Eldoret

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Uasin Gishu kuhusu kumbukumbu za matibabu



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka mjini anaujua ukweli huo. Mkulima anayepeleka maziwa kwenye chama cha ushirika anaujua pia: kilo zisipoandikwa asubuhi, mwisho wa mwezi ni ugomvi. Mazungumzo ya leo yanahusu mali kubwa kuliko maziwa, yaani afya, na daftari lake. Daftari hilo ni programu ya kompyuta iitwayo OpenMRS. Leo inatumika katika makumi ya nchi, lakini kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa hapa Eldoret.

Chimbuko lake liko kwa jirani, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Kaunti ya Nandi, kwenye barabara ya kwenda Kapsabet. Mapema mwaka 2001, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi, akiwemo Joseph Rotich, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, akiwemo William Tierney, waliweka pale mfumo mdogo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Vifaa vilikuwa kompyuta mbili zilizounganishwa, na betri ya umeme wa jua kwa ajili ya siku stima inapopotea. Mgonjwa alipewa fomu moja iliyomfuata kutoka kwa karani hadi kwa muuguzi, afisa wa kliniki, maabara na dukani kwa dawa. Mwisho fomu ilirudi kwa karani, naye akaingiza yote katika kompyuta.

Kabla ya hapo, kila chumba kilikuwa na rejista yake. Jina lile lile liliandikwa tena na tena, na ripoti ya mwezi ilihesabiwa kwa mkono. Watafiti walipima muda kabla na baada ya mfumo kuanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22.  Wahudumu walipunguziwa kuandika jambo moja mara nyingi.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2001, mpango wa AMPATH, unaoshirikisha Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ulianza kutibu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hapo kazi ya kumbukumbu ilibadilika kabisa. Mtu mwenye malaria hutibiwa akaenda zake. Mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi hurudi kliniki maisha yake yote, na kila anaporudi, anayemhudumia anahitaji kujua alipewa nini, uzito wake ulikuwa kiasi gani na vipimo vilisema nini. Kliniki zilifunguliwa Turbo, Burnt Forest na kwingineko. Wagonjwa wakawa maelfu, na mfumo wa Mosoriot ukalemewa.

Mwaka 2004, madaktari wawili wanaofahamu kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret kutoka Indiana kuona tatizo hilo. Wangeweza kuongeza viraka. Waliamua kujenga upya, wakishirikiana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health na Chris Seebregts wa Afrika Kusini. Februari 2006 OpenMRS ilianza kazi Eldoret. Kabla ya mwaka huo kwisha, ilikuwa imefika Rwanda.

Kwa nini ilienea? Sababu ni mbili, na zote zinaeleweka bila kusomea kompyuta.

Ya kwanza ni namna ilivyojengwa. Ndani yake kuna kamusi. Kila kitu kinachoweza kuandikwa kuhusu mgonjwa, iwe uzito, homa, dawa au matokeo ya kipimo, kina nafasi yake katika kamusi hiyo. Kituo kikitaka kufuatilia kifua kikuu au kisukari, wahudumu huongeza maneno kwenye kamusi na kuandaa fomu mpya. Hakuna haja ya kuvunja programu na kuijenga tena.

Ya pili ni kwamba ni programu huria. Maandishi yake ya ndani yako wazi, na yeyote anaweza kuyatumia bila kununua leseni, kuyarekebisha na kuwarudishia wengine alichorekebisha. Ni kama harambee isiyofungwa. Sierra Leone ilipokumbwa na Ebola, madaktari katika kituo cha Kerry Town walikuwa na shida ya ajabu: karatasi iliyoingia chumba cha wagonjwa haikuruhusiwa kutoka, kwa hofu ya maambukizi. Mfumo uliotokana na OpenMRS uliwawezesha kuandika ndani kwenye kompyuta kibao, na wenzao walio nje wakasoma papo hapo. Hapa Kenya, mfumo wa KenyaEMR unaotumika katika mamia ya vituo umejengwa juu ya OpenMRS hiyo hiyo.

Hata hivyo, daftari zuri si lile linalojaa tu. Ni lile linalosomwa na kumsaidia mtu kuamua. Utafiti ulioongozwa na Dkt. Martin Were katika kliniki za AMPATH, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha jambo hilo. Kompyuta ilichapisha muhtasari wa mgonjwa ukiwa na kikumbusho kwamba kipimo cha CD4 kimechelewa. Palipokuwa na kikumbusho, kipimo kiliagizwa kwa asilimia 53 ya waliostahili. Palipokosa, ilikuwa asilimia 38.  Tofauti ni kwamba mhudumu alikumbushwa kwa wakati.

Wakazi wa kaunti hii wana kumbukumbu nyingine, nayo ni chungu. Mapema mwaka 2008 familia nyingi zilikimbia makwao, na wengi wakajikuta kambini kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Mtu anayekimbia usiku hachukui kadi ya kliniki. Aliyekuwa akitumia dawa za kila siku alihitaji mtu wa kumtambua na kuendeleza matibabu pale alipo. Siku kama hizo ndipo thamani ya kuwa na nakala ya kumbukumbu mahali pengine inapoonekana.

Sasa lipo swali ambalo haifai kulikwepa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na AMPATH ni mpango uliotegemea sana fedha hizo. Programu yenyewe haiwezi kuchukuliwa na mtu, kwa kuwa iko wazi. Lakini mtambo unaohifadhi kumbukumbu hula umeme. Karani hulipwa mshahara. Fundi wa kompyuta anahitaji gari la kumfikisha Moiben au Ziwa. Programu ya bure haina maana ya huduma ya bure. Chini ya Katiba ya 2010, zahanati na vituo vya afya viko mikononi mwa kaunti, na gharama za kutunza daftari hilo ni suala la bajeti kama zilivyo dawa na barabara. Mkazi anayehudhuria vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ana haki ya kuuliza: fedha za kumbukumbu za wagonjwa ziko wapi?

Mkazi ana kazi nyingine pia. Mgonjwa atumie majina yale yale na nambari ile ile kila anapokwenda kituoni. Mtu mmoja akiandikishwa kwa majina matatu, kompyuta humwona kuwa watu watatu, na dawa inayomdhuru huandikwa kwa mmoja tu kati yao. Aulize kimeandikwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuona taarifa zake na kuomba kosa lisahihishwe. Akiona siri yake imevuja, anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hakuna atakayemweleza karani ukweli wake kama anaogopa kuusikia sokoni kesho.

Eldoret husifiwa kwa wanariadha wake, na tangu Agosti 2024 huitwa jiji. Ni haki pia ijulikane kwa daftari hili. Makarani, wauguzi na maafisa wa kliniki wa hapa ndio waliolijaza kwa mara ya kwanza, fomu baada ya fomu, na makosa waliyoyagundua yakaisaidia programu kukomaa kabla ya kuvuka mipaka. Lilianza kwa kompyuta mbili na betri ya jua. Kulitunza ni kazi ya wanaolihitaji, na wanaolihitaji ni kila anayewahi kupanga foleni kliniki.